Jembe la Siku ya Tatu

Methali hii hatujifunzi vitabuni. Tunaisikia jikoni, ikisemwa kwa sauti ya chini, siku shemeji aliyekuja kwa wiki moja anapotimiza mwezi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wenyeji huicheka, wageni hujifanya hawakusikia. Mimi mwenyewe nimeitumia mara nyingi bila kuitafakari, mpaka nilipoanza kusoma habari za watu waliohamishwa na vita, nikagundua kuwa methali imenyamazia jambo kubwa. Inataja jembe, haitaji shamba. Mgeni atalima wapi? Akilima la mwenyeji, huyo ni kibarua wa chakula. Akipewa pori lisilo na mwenyewe, akalifyeka, akang'oa visiki, akazika watoto wawili humo, pori hilo limekuwa la nani?

Ninazo historia mbili ambazo hazijuani. Moja ni ya Wajapani waliopanda meli miaka 11 baada ya Vita Kuu ya Pili, wakaenda kulima katika Jamhuri ya Dominika, nchi ya visiwani Karibi inayogawana kisiwa na Haiti. Nyingine ni ya Warundi waliovuka kuingia Tanzania mwaka 1972, ambao mpaka leo katika mikoa ya Katavi, Tabora na Kigoma huitwa tu watu wa sabini na mbili. Tumezoea hadithi ya uhamiaji iwe ya maskini anayekwenda kwa tajiri, Mturuki Ujerumani, Mjamaika London. Katika hizi mbili mgeni mwenye shida aliingia nyumba iliyokuwa na shida zake.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wajapani walijaza fomu, wakapigwa picha, wakaagwa bandarini. Warundi walitembea usiku na watoto mgongoni, wakifuata mito kuelekea Ziwa Tanganyika na nyanda za Kigoma. Huyu alichagua, yule alikimbizwa. Pingamizi hilo lina uzito na silikatai. Lakini ninacholinganisha hapa si mlango waliotokea. Ni mkono uliowapa jembe.

Tuanze na Wajapani, maana hadithi yao hatuijui kabisa huku kwetu.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, zaidi ya watu milioni 6, wanajeshi na raia, walirudishwa Japani kutoka Manchuria, Korea, Taiwan na visiwa vya Pasifiki. Walirudi kwenye miji iliyoungua na chakula cha mgawo. Nchi ilipopata tena mamlaka yake Aprili 1952, serikali iliona watu wamezidi na ardhi imepungua, ikafufua sera ya kabla ya vita ya kuwapeleka wananchi ng'ambo. Meli zilianza na Brazil, kisha Paraguay na Bolivia. Mwaka 1956 ikaja zamu ya Dominika. Ahadi ilikuwa tamu kuliko zote: hekta 18 kwa kila kaya, bure, katika nchi ambayo matangazo yaliipamba kama pepo ya Karibi. Kwa mkulima wa Kagoshima ambaye shamba la baba yake halikufika hekta moja, na ambaye ni mtoto wa tatu, kwa hiyo hata hilo halimhusu, hekta 18 hazikuwa shamba. Zilikuwa ufalme.

Aliyekuwa akiahidi upande wa pili alikuwa Rafael Trujillo, dikteta aliyeishika nchi tangu 1930 na kuubatiza mji mkuu jina lake mwenyewe. Kumwelewa Trujillo kunahitaji kurudi nyuma kidogo, kwenye fikra iliyoenea Amerika ya Kilatini katika karne ya 19. Mwanafikra wa Argentina, Juan Bautista Alberdi, aliwafundisha watawala wa bara lile kwamba kazi ya kwanza ya serikali ni kuijaza nchi watu. Kwa kuwa nchi ile ilikuwa na watu tayari, wenye asili yake na waliochanganyika damu, ilieleweka vizuri kuwa watu wanaotakiwa ni wa aina fulani, ikiwezekana wa Ulaya. Mgeni katika mapokeo hayo hakuwa mtu aliyebisha hodi. Alikuwa mbegu, na mbegu huagizwa.

Trujillo aliagiza. Katika mkutano wa Évian wa Julai 1938, nchi 32 zilipokaa Ufaransa kujadili Wayahudi waliokuwa wakikimbia Ujerumani na karibu zote zikatoa visingizio, yeye alijitokeza akasema yuko tayari kupokea hadi laki moja. Dunia ilishangilia. Waliofika na kukaa Sosúa, pwani ya kaskazini, walikuwa mamia tu, wakaanzisha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa na kiwanda cha jibini ambacho jina lake bado linajulikana kisiwani. Lakini tazama tarehe. Oktoba 1937, miezi tisa tu kabla ya Évian, askari wa Trujillo waliwaua maelfu ya Wahaiti na Wadominika wenye asili ya Haiti katika ukanda wa mpaka, wengi kwa mapanga. Husimuliwa kwamba waliulizwa watamke perejil, jina la Kihispania la jani moja la kiungo, na yule ambaye ulimi wake ulishindwa kuizungusha r akajulikana. Msomaji wa Biblia atakumbuka vivuko vya Yordani na neno Shibolethi katika kitabu cha Waamuzi. Kwa hiyo ukarimu wa Évian ulikuwa pia sabuni ya kunawia mikono.

Mpaka ule ulibaki wazi, na ardhi iliyoachwa wazi na waliouawa ilihitaji watu ambao hawatakuwa Wahaiti. Waliletwa Wahispania katikati ya miaka ya 1950, wakaja Wahungaria pia. Na Julai 1956 kundi la kwanza la Wajapani lilishushwa likapelekwa Dajabón, mji wa mpakani kando ya mto uitwao Masacre. Jina hilo la mauaji ni la kale kuliko Trujillo, la tangu enzi za Wahispania na maharamia wa Kifaransa; historia wakati mwingine huandika kabla ya kutenda. Sijui kama kuna mkulima yeyote wa Kagoshima aliyeambiwa, alipokuwa akijaza fomu, kwamba anakwenda kuwa ukuta.

Kuanzia 1956 hadi 1959 walifika watu 1,319 wa kaya 249, wakagawanywa katika makazi kadhaa. Waliopelekwa Constanza na Jarabacoa, kwenye milima yenye baridi, walibahatika: mboga zilistawi, na hadi leo nchi nzima inakula mboga za mabonde yale. Waliopelekwa Neiba walikuta mawe, na si mawe ya kuokota ukatupa pembeni, bali mawe ambayo ukiyaondoa hakuna kinachobaki. Waliopelekwa Duvergé walikuwa karibu na Ziwa Enriquillo, ziwa la chumvi lililo chini ya usawa wa bahari, na udongo wa pale ulikuwa na tabia za ziwa lake. Maji ya kumwagilia yalikuwa haba. Hekta 18 hazikutimia. Na juu ya yote, walipouliza hati waliambiwa kwamba walichonacho ni haki ya kulima. Ardhi yenyewe haikuwa yao.

Jembe walipewa. Shamba hawakupewa.

Trujillo aliuawa kwa risasi usiku wa Mei 30, 1961. Mtu mmoja alipoondoka, makazi yote yaliyosimama kwa amri yake yakaanza kuyumba. Wenyeji waliokuwa wamekaa kimya kwa woga walianza kuuliza mashamba haya ni ya nani. Katika miezi iliyofuata sehemu kubwa ya Wajapani waliomba kurudishwa kwao, wengine wakahamia Brazil na Paraguay. Zilibaki familia zisizofika 50. Waliobaki wakaanza kujiita kwa neno ambalo nitalirudia baadaye, maana naona limebeba nusu ya hoja yangu.

Sasa tuje nyumbani.

Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, kwenye ukanda wa Rumonge na Nyanza-Lac. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyowalenga Wahutu, kwanza waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari, askari, mapadri. Makadirio ya waliokufa huanzia laki moja kwenda juu. Warundi wanayaita Ikiza, balaa. Waliovuka kuingia Tanzania walikuwa makumi kwa makumi ya maelfu.

Mapokeo yaliyowapokea hayakuwa ya Alberdi. Tanzania ya wakati ule ilikuwa na wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, na lugha ya serikali ilikuwa ya udugu: mipaka hii ilichorwa na wakoloni, Mwafrika hawi mgeni Afrika. Si maneno matupu. Mwaka 1980 serikali ilitangaza kuwapa uraia maelfu ya Wanyarwanda waliokimbia kwao tangu kuanguka kwa ufalme, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen kwa namna nchi yake ilivyowatendea wakimbizi. Lakini udugu nao una ramani yake. Mwaka 1973 jeshi la Burundi lilishambulia vijiji vya Tanzania vya mpakani, raia wakauawa. Baada ya hapo hoja ya kuwaondoa wakimbizi karibu na mpaka haikuhitaji mtetezi. Walipakiwa kwenye malori na mabehewa wakapelekwa ndani: Ulyankulu huko Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na baadaye, 1978, Mishamo, Ulyankulu ilipoelemewa na watu na maji yakawa hayatoshi.

Hapa ndipo ulinganisho unaponivutia zaidi. Trujillo aliwachukua wageni akawabandika mpakani. Nyerere aliwachukua wageni akawabandua mpakani. Kwa macho ya haraka hizi ni sera mbili zinazopingana, moja ya hila na nyingine ya busara, na kimaadili nakubali hazifanani hata kidogo: hakuna aliyechinjwa kuwapisha Warundi. Ila kwa anayebebwa na lori, kuna kitu kimoja kinachofanana. Mahali pake pa kuishi palichaguliwa kwa mahesabu ya mpaka, wala hakikuzingatiwa kile ambacho mkulima huzingatia kwanza, yaani udongo, mto na soko. Katumba ilikuwa pori la miombo lenye mbung'o, lisilo na watu kwa sababu ambazo mbung'o wanazijua. Neiba ilikuwa mawe. Pori la wazi haliko wazi bure.

Warundi walilifyeka. Shirika la Kilutheri lililojulikana kwa kifupi TCRS liliwapimia viwanja, likachimba visima, likajenga shule na zahanati, na baada ya miaka michache makazi yale yalikuwa yakijilisha na kuuza ziada: mahindi, maharage, mihogo, tumbaku. Mishamo kila kaya ilipewa hekta 5, nyumba zikifuata barabara zilizonyooka kama uzi wa fundi. Mwaka 1985 msaada wa kimataifa ulikuwa umekwisha kwa sababu njema kuliko zote, kwamba hawakuhitaji tena kusaidiwa. Nani Neiba angeamini?

Na kuna jambo ambalo waandishi wa nje wakiandika juu ya makazi haya hulipita. Mwaka uleule ambao Katumba ilianza, 1973, ilitangazwa kwamba kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri, na kufikia 1976 mamilioni ya Watanzania wenyewe walikuwa wamehamishwa katika Operesheni Vijiji. Nao walipakiwa kwenye malori. Nao walipimiwa viwanja kwa kamba, wengine baada ya nyumba zao za zamani kuezuliwa. Mgeni na mwenyeji walikuwa na baba mwenye nyumba mmoja, na ardhi yote, ya huyu na ya yule, ilikuwa ya umma. Kwa hiyo siwezi kusema Mrundi alinyimwa hati ambayo jirani yake Msukuma au Mfipa alikuwa nayo. Jirani naye hakuwa nayo. Tofauti ilikuwa kwenye kibali. Mfipa aliweza kuondoka kesho asubuhi kwenda Sumbawanga kumwona shangazi yake; mkazi wa Katumba alihitaji karatasi kutoka ofisi ya mkuu wa makazi, mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Ndani, ambaye hakuchaguliwa na mtu yeyote pale.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti wake magharibi mwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu Purity and Exile mwaka 1995, aliona kitu kinachostahili kufikiriwa na kila anayepanga makazi ya wageni popote. Alikaa Mishamo, akakaa pia Kigoma mjini, ambako Warundi waliotoroka kambi au ambao hawakuwahi kuingia waliishi mitaani. Watu walewale, wakimbizi wa mwaka uleule. Mishamo walijiita wakimbizi kwa fahari, wakawasimulia watoto historia ndefu yenye mpangilio kama maandiko: tulivyokuwa, tulivyodhulumiwa, tutakavyorudi. Kigoma walizikwepa simulizi hizo. Walioa na kuolewa na Waha, wengine wakasilimu, wakajitambulisha leo hivi kesho vile kadiri ya soko na polisi. Kambi yenye barabara za kunyooka iliwatengenezea taifa. Mtaa wenye vichochoro uliwatengenezea majirani.

Nimesema nitalirudia neno. Mhamiaji kwa Kijapani ni imin. Wale waliobaki Dominika walilibadilisha kidogo tu, wakajiita kimin: watu waliotupwa. Maneno mawili yanakaribiana kwa sauti kama mzaha mchungu. Sasa liweke kando ya neno letu. Mkimbizi limetokana na kukimbia. Linaitazama miguu ya mtu, linamtaja kwa mbio zake. Aliyemkimbiza hayumo ndani ya neno. Kimin halina miguu kabisa. Lina mkono wa mtu mwingine unaotupa. Ndiyo maana, nadhani, Wajapani wale hawakuishia kusimulia. Walishtaki. Neno lenyewe lilikuwa limeshamtaja mshtakiwa.

Mwaka 2000, wakiwa wazee, walifungua kesi Tokyo dhidi ya serikali ya Japani. Hawakuishtaki Dominika, na hilo si dogo: aliyewapa jembe baya walimsamehe au walimwona wa kawaida, aliyewakabidhi kwake ndiye waliyemdai. Juni 2006 mahakama ilitoa hukumu ya ajabu. Ilikubali kwamba serikali ilikosea, haikuichunguza ardhi ipasavyo wala kuwaeleza ukweli, kisha ikawanyima fidia kwa sababu miaka 20 ya kudai ilikuwa imepita. Mwezi uliofuata Waziri Mkuu Junichiro Koizumi aliomba radhi, na serikali ikakubali kuwalipa malipo ya mkupuo ya hadi yeni milioni 2 kwa mtu. Kwa nusu karne ya mawe.

Wenzao wa Okinawa walikuwa na mkondo mwingine, na naukumbusha hapa kwa sababu unaivunja hoja yoyote inayosema tatizo lilikuwa udongo. Baada ya vita, Okinawa ilibaki chini ya Wamarekani, na mashamba yake mengi yakawa viwanja vya kambi za jeshi. Mwaka 1954 kundi la kwanza la wakulima lilipelekwa Bolivia, kwenye misitu ya Santa Cruz. Makazi yao ya kwanza, Uruma, yalikumbwa na ugonjwa usiojulikana, watu 15 wakafa. Wakahama. Wakahama tena. Mwaka 1956 wakatua mahali panapoitwa mpaka leo Colonia Okinawa. Mwanzo huo ulikuwa mbaya kuliko wa Neiba. Ila kila kaya ilipewa hekta 50, pamoja na hati. Wengi bado waliondoka, vijana wakaenda Brazil, Argentina, hata kurudi Japani. Waliobaki waliweza kukopa benki, kununua trekta, kuuziana. Leo eneo lile linasifika Bolivia kwa ngano na soya.

Kwa Warundi hati ya kwanza iliyokuja haikuwa ya ardhi, ilikuwa ya uraia. Mwaka 2007 serikali iliwauliza wakazi wa makazi yale, watu zaidi ya laki mbili na wengi wao wamezaliwa Tanzania, waamue: kurudi Burundi au kuomba uraia wa tajnisi. Karibu asilimia 80 walichagua uraia. Ilipofika 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa, na duniani kote hapakuwa na nchi iliyowahi kuwapa wakimbizi wengi kiasi hicho uraia kwa mkupuo. Lakini vyeti havikutolewa. Sharti lilikuwa kwamba raia wapya waondoke Katumba, Mishamo na Ulyankulu, makazi yafungwe, wao wasambazwe mikoa mbalimbali wachanganyike na wenzao. Nia inaeleweka, aliyesoma Malkki angeweza hata kuitetea, kwamba barabara za kunyooka zilizaa taifa ndani ya taifa. Ila tafakari unachomwambia mtu: umekuwa Mtanzania, kwa hiyo acha shamba ulilolifyeka ulipokuwa si Mtanzania. Wakakaa hivyo miaka kadhaa, si wakimbizi, si raia wenye cheti, wengine wakiogopa kupanda mazao ya kudumu kwenye shamba ambalo huenda wataambiwa waliache. Oktoba 2014 sharti likalegezwa, vyeti vikaanza kutolewa, na watu wakaruhusiwa kubaki walipo.

Ningependa kusimama hapo na kupiga makofi, ila mwaka mmoja nyuma unanizuia. Septemba 2013 Mahakama ya Katiba ya Dominika ilitoa uamuzi uliowavua uraia watu wenye asili ya Haiti waliozaliwa kisiwani na wazazi wasio na vibali, kurudi nyuma hadi 1929: wajukuu na vitukuu wa wakata miwa walioishi kwenye kambi za mashamba ya sukari ziitwazo batey. Hao ndio wageni halisi wa jembe katika nchi ile, wala hakuna aliyewaahidi hekta 18. Naisoma hukumu hiyo kwa hasira, kisha nakumbuka kwamba Septemba hiyohiyo Tanzania ilikuwa katika Operesheni Kimbunga. Kutoka Kagera na mikoa ya jirani waliondolewa maelfu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu, miongoni mwao watu waliokuwa wamekaa miongo, wenye wake wa Kihaya na watoto wasiojua kijiji kingine, ng'ombe wao wakibaki nyuma au wakipotea njiani. Nchi ileile iliyokuwa ikiandaa vyeti 162,000. Udugu wetu ulikuwa wa kweli, na ulikuwa na orodha ya majina.

Hata damu haikusaidia sana. Wazigua wa Mto Juba, vizazi vya watu waliochukuliwa utumwani kutoka maeneo ya Handeni na jirani yake katika karne ya 19, walikaa Somalia zaidi ya miaka mia bila kuisahau lugha yao. Vita vya 1991 vilipowatoa, baadhi walikuja kwa majahazi hadi pwani ya Tanga. Walizungumza Kizigua na wazee wa Handeni wakakielewa, pamoja na maneno ambayo vijana wa hapo walikuwa wameshayaacha. Methali ya mgeni ingepaswa kuchanganyikiwa hapa: nani mwenyeji? Sheria haikuchanganyikiwa. Walikuwa wakimbizi, wakawekwa kambini, kisha tangu 2003 wakapewa makazi Chogo, na waliotaka uraia walijaza fomu zilezile za tajnisi.

Zamani nilikuwa nikiona kwamba Tanzania ilifaulu pale Dominika iliposhindwa. Kwa chakula na kwa roho za watu waliookolewa bado naona hivyo. Kwa shamba sina uhakika tena. Aliyebaki Katumba ana cheti kinachosema ni Mtanzania, na shamba lile lilipimwa kwa ajili ya mkimbizi. Kati ya karatasi hizo mbili kuna pengo ambalo mjukuu wake atalikuta siku atakapotaka kukopa au kurithi.

Na wale asilimia 20 waliochagua kurudi? Walivuka kuanzia 2008, wengi wakielekea kusini walikotoka wazazi wao, Rumonge, Makamba, Nyanza-Lac. Walikuta mashamba yana watu. Baada ya 1972 serikali ya Burundi iliwagawia wengine ardhi ya waliokimbia, baadhi katika miradi ya michikichi, na hao nao walikuwa wamefyeka, wamepanda, wamezika, miaka zaidi ya 30, wakiwa wamepewa na serikali. Tume ya ardhi iliundwa mwaka 2006 kuamua kati ya aliyeacha na aliyekabidhiwa. Walioshindwa kuonyesha hata kilima cha babu yao, kwa kuwa waliondoka wakiwa mgongoni au hawakuwa wamezaliwa, walijengewa vijiji vipya vilivyoitwa vya amani. Jioni humo ndani ungesikia Kiswahili cha Tabora na Mpanda zaidi kuliko Kirundi. Nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka, kila moja na kiwanja chake, na siku ya kukabidhiwa waligawiwa majembe.